Kikapu cha Kindu na Kikapu cha Kigoma

Mwanangu Mwamini,

Salamu utazipata kesho kwa mdomo, pale kwenye kituo cha treni, mbele ya watu. Na unanijua, mbele ya watu nasema maneno mawili kisha najikohoza. Kwa hiyo leo nimerudisha mlango wa duka nusu, nimekaa juu ya saki ya mchele, nakuandikia. Huko uani wanakusuka nywele. Nasikia redio, nasikia mama yako akigombana na masufuria, lakini wimbo sisikii. Bibi arusi anasukwa bila wimbo kwa sababu Shangazi Zaina, dada yangu, amesema hakupeleki Kigoma kwa mume, na bila wa kumpeleka bibi arusi hakuna wa kuanzisha wimbo.

Mambo ya maji ya kunywa njiani, ya kufunga begi vizuri na ya kutolala ovyo ndani ya boti, mama yako amekwisha kukuambia, na akiyamaliza huanza upya. Mimi siyagusi. Mimi kuna jibu moja nililokuahidi na bado sijakupa.

Siku ile watu wa mchumba wako Ramadhani walipoleta mahari, wewe ulikuwa nyuma ya pazia, uliona nusu tu. Mzee Issa, baba mdogo wake Ramadhani, alitandaza vitu kwenye mkeka kimoja kimoja: bahasha ya pesa za mbuzi, vikwembe vya kitenge vya mama yako na vya mashangazi, kanga, na lile koti langu ambalo mikono yake inanifika kwenye kucha. Wanawake wakawa wanapokea na kupiga vigelegele. Mwisho akafungua katoni, akatoa chupa za chai, kubwa, za maua mekundu, pamoja na vikombe vyake. Akakaa. Alikuwa amemaliza.

"Chumvi iko wapi?" Zaina akauliza.

"Shangazi, chumvi tuliona tuibadilishe," Mzee Issa akajibu kwa adabu yake yote. "Kwetu sisi ni kitu cha kutia aibu. Tungepita bandarini na kiroba cha chumvi kwa ajili ya binti wa watu, wangetucheka. Hizi chupa thamani yake ni kubwa zaidi, mbali sana."

Dada yangu akachukua chupa moja, akafungua kifuniko, akachungulia ndani. Halafu akaipindua juu ya mkeka, akaitikisa. Hakikutoka kitu.

"Tena tupu," akasema. "Mungu wangu, tena tupu!"

Akavaa kandambili zake, akaenda. Mzee wa watu akabaki ametoa macho, akidhani labda amekanyaga mwiko wa ukoo. Na wewe jioni ukaja kuniuliza, "Papa, chupa inamufanya nini Shangazi?" Nikasema nitakuambia, kisha nikajitia kupanga sabuni.

Unajua chumvi ya mahari ni kitu gani kwetu. Saki inafunguliwa, wanawake wote wa ukoo wanagawiwa kwa bakuli, na aliyepokea bakuli ni shahidi wako. Siku mume akikusumbua, huyo ana haki ya kwenda kuuliza. Binti aliyeolewa bila chumvi, wazee husema ameokotwa njiani. Lakini hayo peke yake yasingemwondoa Zaina mkekani. Kuna jambo jingine, na hilo ni langu mimi, wala si la akina Ramadhani.

Wewe hunicheka kwamba nachungulia vikapu vya watu. Pale soko la Kasuku huwa unanivuta shati, "Papa, wacha kuangalia kikapu ya watu!" Ni kweli, siwezi kujizuia. Mwanamke akinipita na dagaa, vitunguu na pakiti ya biskuti, lazima nijiulize biskuti ni za nani. Ugonjwa huu niliupata Kigoma, wakati wa vita.

Nilifika kule kijana, kabla sijamjua mama yako. Njia unaijua, nimekuhadithia mara nyingi: Kasongo, Kabambare, milima, halafu ziwa. Kule Ujiji nikapokewa na mjane mmoja, Mama Tatu, aliyekuwa na kibanda cha kuuza vitu vidogo vidogo. Watu wa mtaa wake walijiita Wamanyema. Babu za babu zao walitoka huku kwetu, kama babu zake Ramadhani. Nikajiambia, basi, nimefika nyumbani. Hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Jioni ya kwanza Mama Tatu alinipikia wali na maharage. Nikamwonea huruma. Nikatafuta neno la kumfariji, nikasema, "Mama, usijali, hata sisi kwetu tukikosa kitu kingine tunakula mchele tu." Kijiko chake kikasimama hewani. Baadaye sana, jirani aliniambia kwamba nyumba ile ilikuwa haijaonja wali tangu sikukuu, na mchele ule aliununua kwa ajili yangu, mgeni. Mwanangu, sisi wa Kindu tumezaliwa ndani ya mchele. Unalimwa kila upande, mtoto anaumwaga na kuku wanaokota. Nilitamani ardhi inimeze. Siku ya tatu, kama methali inavyoagiza, Mama Tatu akanipa jembe, ila jembe lenyewe lilikuwa kukaa kibandani kwake nikauza.

Na mtu akitaka kuijua nchi, akae kibandani. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni sukari. Watu walinunua sukari kila siku ya Mungu, kidogo kidogo, kwenye kipande cha karatasi, hata mtu asiye na viatu. Kwetu wakati ule sukari ilikuwa ya mgonjwa na ya mwezi wa Ramadhani. Kule nyumba isiyo na chai ilikuwa imeanguka, na chupa ya chai ndiyo iliyokuwa heshima ya mezani. Wanaifunika kitambaa alichodarizi mwenye nyumba. Halafu nguo. Sisi, unatujua, mtu atalala na njaa lakini shati limepigwa pasi, na msiba ukitokea ukoo mzima lazima ushone kikwembe cha rangi moja, hata kama marehemu alikosa dawa. Kule niliona mwenye duka, mtu mwenye mali, amevaa suruali yenye kiraka. Nikasema moyoni, hawa ni mabahili.

Halafu ikaja harusi mtaani. Mama Tatu, yule yule aliyenipimia mafuta ya taa kwa kifuniko, akatoa mchango ambao kwa macho yangu ungetosha kununua vikwembe vya msiba mzima. Majirani wote walitoa. Waliahidi, majina yao yakasomwa hadharani, na waliochelewa wakafuatwa mpaka mlangoni. Nikamuuliza, "Mama, mtoto si wako, umetoa pesa yote ile?" Akacheka. "Na wewe, shati moja bei ile, wa kukupongeza ni nani?" Kila mmoja wetu alimwona mwenzake hajui kutumia pesa, na kila mmoja alikuwa anatafuta kitu kile kile, asiaibike mbele ya watu wake. Ningeweza kukaa pale miaka nikichungulia tu. Nilifurahi, mwanangu, niseme kweli. Huku nyumbani watu wanakimbia porini, na mimi nafurahia vikapu.

Sasa chumvi. Mlangoni kwa Mama Tatu palikuwa na kiroba cha chumvi ya Uvinza, mdomo wazi mchana kutwa. Uvinza hapakuwa mbali, chumvi inatolewa pale pale ardhini, kwa hiyo ilikuwa rahisi kama mchanga. Mbuzi wa mtaa walikuja kuilamba. Mimi nilipowaona mara ya kwanza niliruka na fimbo, nikawafukuza mpaka barabarani. Mama Tatu alinitazama kama mtu aliyepata homa ya kichwa. "Kijana, ni chumvi tu," akaniambia.

Ni chumvi tu! Mimi nilitoka Kindu treni imekufa, barabara zimefungwa, na kidogo kinachofika kinakuja kwa ndege au kwenye mgongo wa baiskeli. Hapa Kindu chumvi iliuzwa kwa kijiko cha chai, tena muuzaji anafuta juu ya kijiko kwa kidole. Wanawake walirudia mambo ya kale: wanachoma majani ya mtoni, wanachuja majivu, wanapika yale maji meusi mpaka ibaki chumvi kali ya majivu chini ya chungu. Watoto walikula sombe, majani ya muhogo, bila ladha wakatapika. Mama yangu alikuwa na pakiti ndogo aliyoificha ndani ya mto wake wa kulalia, na alinitolea vidole viwili vya chumvi siku niliyoondoka, akanifungia kwenye jani.

Kwa hiyo niliwafukuza mbuzi wale kwa hasira, wiki nzima, mwezi mzima. Halafu siku moja niliacha. Siwezi kukuambia ni siku gani, na ubaya wake ndio huo, hakuna kilichotokea. Nilikuwa nimekaa, mbuzi akaja, akalamba, nikaendelea na mazungumzo yangu.

Mwaka uliofuata alipita mtu wa Kindu, Asumani, mfanyabiashara wa baiskeli, anarudi nyumbani kwa njia za porini. Akaniambia mzigo wake umejaa, lakini kwa ajili ya mama yangu atabeba kitu kimoja, kisicho kikubwa. Nikafikiri siku mbili. Nilitaka mama ajue mwanawe hakupotea, kwamba ameona dunia. Nikachukua mshahara wangu nikanunua chupa ya chai, nzuri kuliko zote dukani, ya maua mekundu. Niliiviringisha kwa magazeti isivunjike, hata ndani nikaipuliza nikaifuta vumbi. Nikaikabidhi pale pale mlangoni kwa Mama Tatu, mguu wangu umeegemea kiroba cha chumvi.

Ilikuwa tupu, Mwamini. Ningeweza kuijaza. Ingeingia chumvi ya kula miezi, kwa pesa ambayo nisingeisikia mfukoni. Haikunijia hata kidogo. Sikusema nitume au nisitume, sikuiona tu. Mwaka mmoja wa kula chumvi bila kuhesabu ulitosha kunitoa Kindu kichwani.

Nilirudi vita vilipopungua. Mama alikuwa amekwisha kufariki, kwa homa, siyo kwa chumvi, usije ukabeba hilo. Chupa ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kikwembe, haijawahi kutiwa chai. Zaina, aliyekaa naye vita vyote, ndiye aliyenihadithia, na alinihadithia mara moja tu. Asumani alifika usiku wa mvua. Mama alipoona umbo la chupa na kuupima uzito wake, akajua ni chumvi, akaita majirani wawili, akawaambia walete mabakuli. Akafungua. Akachungulia. Zaina akaichukua akaipindua, akaitikisa, akaigonga kitako, akidhani chumvi imegandamana na unyevu wa njia. Majirani wakarudi na mabakuli yao. Mama akasema, "Mutoto wangu iko mu inchi ya chai," akaiweka mezani.

Nililia siku ile mbele ya dada yangu, na nikadhani kulia kunatosha. Hakuniuliza kitu, nami sikusema kitu. Mimi ninayewauliza hata wapita njia biskuti ni za nani, sikuwahi kumuuliza dada yangu anafikiri nini juu ya chupa ile. Tangu siku hiyo tunasalimiana vizuri, tunazikana, tunakula sikukuu pamoja, lakini kwangu hajawahi kunywa chai. Labda uliona. Ulidhani anaogopa sukari.

Kwa hiyo Mzee Issa alipotoa yale maua mekundu kwenye katoni, nilijua kabla hajamaliza. Na sikumchukia hata kidogo. Yule mzee alifanya nilichofanya mimi: alitafuta kitu kizuri kuliko vyote machoni pake, akakibeba ziwani na kwenye treni, akakiweka mbele ya watu wanaongoja kitu kingine.

Juzi nilijaribiwa. Hapa dukani chumvi ipo, siku hizi wafanyabiashara wa Butembo wanaileta mpaka inazidi, tena unaniona nikigombana na bei zao. Ningeweza kutoa saki moja, nikaifuta vumbi, nikasema ilichelewa njiani, watu wa Ramadhani wameileta. Wanawake wangegawana, nyimbo zingeimbwa. Mama yako mwenyewe alinikonyeza. Nilifika hata kuishika ncha ya saki. Lakini nikawaza, kesho utakwenda kuishi kati ya watu hawa, nasi tutakuwa tumewatungia uongo wa kwanza wasioujua. Na dada yangu angekula chumvi ya duka langu akidhani inatoka kule. Nikaiacha.

Nikamfuata kwake Alunguli, nikavuka mto kwa mtumbwi, nikamsihi. Akanisikiliza huku anachambua sombe. Alisema neno moja tu, "Mimi siwezi kupeleka mutoto kwa watu ya chupa." Nikarudi.

Kwa hiyo huenda kesho utaondoka na Mzee Issa peke yake, kama mzigo uliokabidhiwa mtu. Inaniuma, na sitakuficha, kwa sababu najua ulivyompenda Shangazi yako tangu utotoni. Hakuna wa kuingia na wewe jikoni kwao, wala wa kukaa nawe wiki ile ya kwanza akipima sauti za watu. Basi chukua macho yangu, maana mengine sina. Watakapokupikia wali, tulia, jua umepewa nini. Wakikushangaa umenunua kikwembe cha tatu, usinune. Waambie kwetu nguo inasema kabla ya mtu, nao wakucheke, ucheke nao. Wakikuletea kadi ya mchango wa mtu usiyemjua, toa, na uulize kwa nini, maana kuuliza ndiko kulikonisaidia zaidi kuliko kutoa. Kitu kimoja tu kinaniogopesha. Kule utapata raha, mwanangu, nakuombea uipate, na raha inafuta vitu kichwani kimya kimya, bila kubisha hodi. Ukiacha kuwafukuza mbuzi, sitakulaumu. Ila siku hiyo piga simu nyumbani uulize hapa watu wanakosa nini. Usikisie kama mimi.

Nilikuwa nakaribia kumaliza hapo. Ilibidi niiweke kalamu, maana mlango umesukumwa, Zaina ameingia. Amevuka mto na giza hili linaingia. Hakusalimia. Amekaa juu ya katoni ya sabuni, akatazama rafu, akatazama karatasi hii, na kusoma kwake unakujua, hakuweza kujua inasema nini. Nakuandikia maneno yake yakiwa bado ya moto.

"Kule," akasema, "chumvi iko bei gani?"

Nikamwambia. Bakuli zima, pesa ya bombo moja, pipi ya mtoto.

"Unadanganya."

"Mbuzi wanailamba mlangoni, dada. Hakuna anayewafukuza."

Akachukua pakiti ya chumvi kwenye rafu, akaigeuza geuza mkononi kama mtu anayetafuta mahali palipoandikwa jina lake.

"Na ile mwaka? Ile mwaka ya chupa, ilikuwa vile?"

"Ilikuwa vile vile."

"Wewe ulikuwa nayo pale karibu?"

"Nilikuwa nimeiegemea na mguu."

Nilidhani atanipiga na ile pakiti, na ningepokea. Akanitazama, mwanangu, muda mrefu, na uso wake ukawa ule wa zamani, wa msichana aliyekuwa akinibeba mgongoni.

"Kumbe ulisahau," akasema.

"Nilisahau, dada."

"Mimi miaka yote nilijua ulitunyima. Nilisema, anatuona sisi watu ya kijiji, anatutumia kitu ya kuonyesha, chumvi anabakisha yake." Akafuta macho kwa ncha ya kikwembe. "Kusahau ni kitu ingine. Kusahau, mutu anashiba kwanza, ndiyo anasahau."

Hata kujikohoza nilishindwa.

Akasimama, akarudisha pakiti mahali pake. Akaniuliza treni inaondoka saa ngapi, na kama ndani ya boti mtu mzima anatapika. Halafu akafungua mlango wa uani, na kabla hajatoka akasema bila kugeuka, "Basi tumupeleke. Mutoto wetu akae pahali chumvi inasahauliwa."

Sasa hivi nasikia wanaimba. Sauti inayoongoza ni yake.

Papa yako